Tumbawe likinuna, usilikimbilie na dawa

Wadau habari zenu. Ujumbe ninaoupata kuliko yote kwenye simu ni wa aina moja tu, picha ya tumbawe la kwenye tangi la nyumbani limejikunja halafu chini yake "kaka hili linakufa, niweke nini?" Na mara nyingi jibu langu ni usiweke kitu. Sasa nimechoka kurudia ndo maana naandika yote mahali pamoja. Matumbawe laini yananuna, ndo tabia yake, ila kuna kununa kwa kawaida na kuna kununa kwa shida, na wengi wanaoua matumbawe yao wanayaua wakati wa kununa kwa kawaida, kwa sababu ya haraka ya kutaka kuyasaidia.

Kwa mgeni kabisa, matumbawe laini ni yale yasiyojijengea jiwe. Ndani ya nyama yake kuna vipande vidogo vidogo sana vya kalsiamu vinavyolisaidia lisimame, basi, mfupa wa maana hakuna. Chukua simu yenye kamera nzuri usogeze karibu na kioo, hesabu mikono ya polipu moja, yaani kile kijimdomo kimoja kati ya vingi vinavyolijenga tumbawe, ukikuta minane na kila mmoja una vinyoya pembeni hilo ni tumbawe laini la kweli. Zile Zoanthus na zile bapa za Discosoma sisi wafugaji tunazihesabu humo humo maana matunzo yanafanana, ila kwa ukoo ziko karibu zaidi na yale ya mawe. Chakula chake kikubwa kinatoka kwa mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yake, mwani unapata mwanga unatengeneza sukari na tumbawe linakula humo. Yaani unafuga mnyama ila msosi wake mwingi unatoka kwenye taa.

Mimi ni mtu wa Tanga, nakaa Reading huku Uingereza, tangi langu ni la lita 180 liko sebuleni na bosi humo ndani ni Sarcophyton moja kubwa, lile lenye umbo la uyoga, shina nene na kichwa kipana kilichojikunja pembeni. Likiwa na raha utaona polipu zimetoka zote, vijishina vyeupe virefu vinayumba na mkondo mpaka kichwa chenyewe hukioni. Likinuna, polipu zote zinazama ndani, kichwa kinabaki uchi, kinasinyaa kidogo, siku zinavyokwenda ngozi inapauka na kuanza kung'aa. Ukiangalia kwa upande taa zikiwa zinawaka utaona kuna utando umekaa juu, kama ule wa maziwa yaliyochemka yakapoa, na juu ya utando madoa ya kahawia ya mwani na uchafu uliotulia. Halafu siku moja ukingo mmoja unaachia, utando unapeperuka na maji, unachanika vipande, na chini yake ngozi mpya safi. Baada ya hapo polipu zinarudi, mara nyingi likiwa limevimba kuliko lilivyokuwa mwanzo.

Hiyo ndo kununa kwa kawaida. Linajivua. Linaondoa mwani na vijidudu vilivyotaka kulikalia, maana lenyewe halina mikono ya kujifuta. Inaweza kuchukua siku chache, inaweza kufika wiki mbili au zaidi kwa lile kubwa, na kuna mengine yanafanya hivyo kila baada ya muda bila sababu unayoiona. Kitu pekee cha kusaidia ni mkondo wa maji, sogeza pampu kidogo ili maji yapite juu ya kichwa ule utando upate kuondoka, ila usiielekeze moja kwa moja kwa karibu ikalichapa sehemu moja siku nzima. Ukiona utando umekwama chukua bomba la sindano kubwa bila sindano yenyewe, vuta maji ya tangi, puliza taratibu. Kuvuta kwa vidole hapana jamani, utachana na ngozi mpya.

Sasa kununa kwa shida utakujuaje? Kwanza harufu. Tumbawe la aina hii likianza kuoza linanuka vibaya mno, ukilitoa kwenye maji ukalinusa huhitaji kuuliza mtu. Pili angalia shina, siyo kichwa. Kichwa kikisinyaa lakini shina ni gumu, rangi moja, limeshika jiwe, kaa utulie. Shina likiwa na doa jeusi au kahawia lililolainika, au kuna shimo linaongezeka kila siku, au nyama inatoka vipande vyeupe ukipuliza, hapo ndo unaamka. Unalitoa, unalitia kwenye ndoo yenye maji ya tangi lenyewe, unakata sehemu mbovu yote kwa wembe mpya mpaka ufike kwenye nyama nzima na upite kidogo, unaliosha kwenye ndoo nyingine yenye maji ya tangi uliyotia matone ya ayodini, halafu unalirudisha penye mkondo mzuri. Watu wanaogopa kukata, na kuogopa huko ndo kunakoua, maana matumbawe haya yanapona kwenye kukatwa kwa namna ambayo samaki angeshakufa zamani. Doa likibaki ndani nusu sentimita litarudi.

Na kabla hujafika huko kwenye wembe, tafuta ni nani anayelisumbua. Kaa wa kwenye makonokono wanapita juu yake usiku, konokono wanalitambaa, na wale samaki wa chungwa wenye mistari myeupe, Amphiprion, wakikosa anemone, yule mnyama wa baharini mwenye mikono mingi wanayeishi ndani yake, wanahamia kwenye Sarcophyton, wanajisugua humo asubuhi mpaka jioni na tumbawe linafunga hata wiki kadhaa hadi lizoee. Kwangu wamehamia na hawatoki, linafungua upande ambao hawalali. Kuna na konokono bila gamba wanaokula nyama ya Sarcophyton na Sinularia, rangi yao inafanana na tumbawe lenyewe ndo maana huwaoni, wanajificha chini ya kichwa pale kinapokutana na shina. Washa tochi usiku uangalie kwa chini. Kila tumbawe jipya lioshe kwa dawa ya kuoshea kabla ya kuingia na likague jiwe lake, mayai yao yanakaa kwenye utepe mweupe uliojiviringa na dawa haiyaui, unayakwangua.

Tuje kwenye maji. Hapa Reading maji ya bomba ni magumu, birika la chai ndani limejaa chokaa, kwa hiyo ukichanganya chumvi na maji ya bomba unaanza na fujo ambayo huijui, naitreti, fosfeti, klorini, wakati mwingine shaba kutoka kwenye mabomba. Nunua mashine ya RO, ile inayochuja maji kwa kuyasukuma kwenye utando, yenye kile kichujio cha mwisho, kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, kisome sifuri, basi. Chumvi ipime kwa refraktomita, lengo 35 kwa elfu, na hiyo refraktomita uirekebishe kwa maji maalum ya 35, siyo kwa maji matupu, maana nyingi zinasoma sifuri sawasawa halafu zinakosea huko juu unakokuhitaji. Na maji yakipungua yanapungua maji tu, chumvi inabaki, kwa hiyo unaongezea maji matupu, siyo ya chumvi! Nimeshaona tangi la jamaa limefika 39 kwa kuongezea maji ya chumvi kila siku na yeye anaulizia vitamini ya matumbawe. Huku baridi ikiingia hita za nyumba zinakausha hewa, maji yanapotea haraka kuliko wakati wa joto, watu hawategemei hilo. Ile pampu ndogo ya kuongeza maji yenyewe ni pesa nzuri ya kwanza kutoa kabla hujanunua tumbawe lolote.

Joto 25 au 26. Alkalini 8 hadi 9 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu 400 na kitu, magnesiamu 1,300 hivi, hizo mbili ni miligramu kwa lita. Matumbawe laini yanatumia kidogo sana, ukibadilisha asilimia kumi ya maji kila wiki kwa chumvi nzuri huna haja ya kutia chupa chupa. Ayodini ya kutia kwenye tangi kila siku sioni kazi yake, na ukizidisha ni sumu.

Sasa hapa ndo pa kubishana. Wengi wetu tumelelewa kwamba maji masafi ndo afya, kwa hiyo mtu anaweka skima kubwa, ile mashine ya kutoa uchafu kwa mapovu, anaweka ile mchanga ya kunyonya fosfeti, anabadilisha maji kila siku mbili, kipimo cha naitreti kinasoma sifuri na fosfeti sifuri na anafurahi, wakati tumbawe limepauka, limesinyaa, Xenia imeyeyuka. Njaa hiyo! Matumbawe laini yanataka maji yenye chakula kidogo. Mimi naweka naitreti kati ya 5 na 15 na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1, miligramu kwa lita, nalisha samaki vizuri na yenyewe yanaishi kwenye kinachobaki. Mtu ataniambia mbona maji ya bahari ya Zanzibar ukiyapima yana naitreti karibu na sifuri na matumbawe yamejaa, kweli, ila kule maji yanapita na vijidudu usiku na mchana, yakijaa yanaleta na yakipwa yanaleta, sahani haiishi. Kwenye tangi lako sifuri ni sifuri. Na tangi la sifuri linapenda kushikwa na ule uchafu wa kahawia wa kamasi wenye mapovu, dinoflajeleti, ambao kuutoa ni kazi ya miezi.

Taa ndo sababu nyingine kubwa ya kununa. LED za siku hizi zina nguvu kuliko watu wanavyodhani, mtu ananunua mpya anafungua asilimia mia siku ya kwanza kwa vile inapendeza. Kwa matumbawe haya PAR, yaani kipimo cha mwanga unaotumiwa na mwani, ya 50 hadi 150 inatosha, anza asilimia 30 au 40 upandishe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, taa ziwake kwa jumla ya saa 8 hadi 10 kila siku. Tumbawe jipya liweke chini kwanza, pembeni. Likirefuka sana shina na kuinamia kwenye mwanga linataka zaidi, likisinyaa na kupauka limezidiwa.

Kupauka ni ule mwani wa ndani kutoka au kufukuzwa, na joto linafanya hivyo haraka kuliko taa. Mwaka 1998 ile El Niño ilipausha matumbawe huku kwetu magharibi ya Bahari ya Hindi, Kenya, Tanzania, Shelisheli, sehemu nyingi yakafa. Kwenye sebule hali ni ile ile. Julai 2022 Uingereza ilipogonga nyuzi 40.3 nyumba zetu hazina AC, zimejengwa kutunza joto, matangi ya watu yalichemka. Kilichosaidia ni feni ya kawaida tu ya mezani kupuliza juu ya maji, inashusha nyuzi mbili au tatu kwa sababu maji yanayopotea yanaondoka na joto, na kwa sababu yanapotea mengi ile pampu ya kuongeza maji iwe imejaa. Kufungua kifuniko na kupunguza saa za taa pia. Barafu ya kutupia ndani usithubutu, kule kwetu bahari inatoka 25 wakati wa kusi mpaka karibu 30 mwezi wa tatu na matumbawe yanaishi, ila inakwenda kwa miezi siyo kwa dakika kumi.

Kuna vita vingine hamvioni. Sarcophyton, Sinularia, Lobophytum, haya hayana jiwe la kujikinga kwa hiyo yanajikinga kwa kemikali, yanaachia sumu zake kwenye maji. Baharini zinapotea, kwenye lita 180 zinazunguka tu. Ndo unakuta mtu kachanganya na matumbawe ya mawe, vipimo vyote safi, ila yale ya mawe hayakui, yanafunga, haelewi. Dawa yake ni kaboni, ile ya tembe nyeusi, kwenye mfuko unaopitiwa na maji, ubadilishe kila mwezi au mapema zaidi. Siku unayokata tumbawe au limejivua weka kaboni mpya siku hiyo hiyo. Na yape nafasi, yasigusane.

Kwa anayeanza, yanayokua bila kukuuliza ni Capnella, ambayo madukani huku inauzwa kwa jina la mti wa Kenya, inadondosha matawi yenyewe na kila tawi linashika jiwe linakuwa mti. Ukiinunua moja baada ya muda utakuwa unagawa. Briareum, lile zulia la zambarau lenye polipu za kijani, ni zuri ila linatambaa juu ya kila kitu likiwemo tumbawe la jirani, liweke kwenye jiwe lake peke yake katikati ya mchanga. Xenia vilevile, na hiyo ndo watoto wa wageni wanakaa kuitazama, maana polipu zake zinafumba na kufumbua muda wote. Watafiti wa Israeli mwaka 2013 walionyesha kwa jamaa yake Heteroxenia wa Bahari ya Shamu kwamba kule kufumba na kufumbua kunaondoa oksijeni iliyojaa kwenye nyama, mwani wa ndani unapata kufanya kazi vizuri zaidi. Usitafute kisingizio cha kuigusa, ikihamishwa hamishwa inayeyuka. Na yale Dendronephthya mekundu na ya chungwa yanayong'aa dukani, acha. Hayana mwani ndani, yanahitaji kula kila saa, nyumbani yanakufa njaa taratibu ukiyaangalia.

Nikisema kuhusu sumu sitanii. Palythoa na baadhi ya Zoanthus zina palitoksini, na hiyo haichezewi. Mwaka 2018 kule Steventon, Oxfordshire, siyo mbali na hapa, mtu alikuwa anasafisha tangi, tumbawe likaachia sumu hewani, familia nzima ikapelekwa hospitali na waliokuja kuwaokoa nao wakapelekwa. Glovu, miwani, fanya kwenye maji, dirisha wazi. Jiwe lenye Palythoa usilichemshe, usilisugue chini ya maji ya moto, usilipige kwa mashine ya mvuke. Kama una kidonda mkononi ahirisha.

Mama yangu mimi nikimwonyesha tangi kwenye video anacheka, "mwanangu, umevuka bahari yote hiyo kwenda kufuga matumbawe, si ungebaki ukayaangalia hapa bure?" Namwambia mama, hapa sina bahari ya joto. Ila mdogo wangu aliniuliza swali zito zaidi, kwa nini asinichukulie kipande akija. Hapana. Sheria za uvuvi Tanzania na Kenya haziruhusu kung'oa matumbawe kiholela, yale ya mawe yako chini ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo forodha watakushika na begi lako, na haya laini ingawa hayamo kwenye orodha hiyo bado utakuwa umeiba mwambani kitu ambacho huku wafugaji wanagawana vipande vilivyozaliwa kwenye matangi.

Na kukata kipande ni rahisi ukijua kitu kimoja, supaglu haishiki kwenye matumbawe laini, lina ute mwingi, kesho utakikuta kimeelea kwenye skima. Kata kwa wembe mkali mara moja bila kusokota, kipande cha sentimita tatu nne kinatosha, kisuuze kwenye maji ya tangi ute upungue. Halafu kilaze juu ya kijiwe kikavu chenye matundu, funika na kipande cha neti laini, ile ya shela la bibi harusi inafaa kabisa, funga na mpira wa bendi bila kukaza mpaka kikajikata. Kiweke pahali pa mkondo mdogo na mwanga wa wastani. Kitanuna, bila shaka, na kile kichwa ulichokikata nacho kitanuna. Kikishika jiwe, mara nyingi ndani ya wiki mbili tatu, ukikisukuma kidogo hakitikisiki, kata mpira toa neti.

Kwa walioko Reading na jirani nina vipande vya Capnella vimeshashika tayari, bure, njoo na chombo chenye kifuniko kinachobana.